Wanaipenda sayansi, lakini hawaichagui: kinachowavuta na kinachowarudisha nyuma wanafunzi

Kila mara matokeo ya mitihani yanapotangazwa, mjadala hurudi pale pale: vijana hawapendi sayansi, wanakimbia hisabati, wanataka masomo mepesi. Lawama hugawiwa walimu, wazazi na simu za mkononi, kisha watu hutawanyika hadi mwaka unaofuata. Mjadala huo unakosea hatua ya kwanza. Wanafunzi wengi wanaipenda sayansi. Wasichokifanya ni kuichagua iwe kazi yao. Kupenda na kuchagua ni mambo mawili yenye sababu tofauti, kwa hiyo hata dawa zake ni tofauti.

Tuanze na maneno yenyewe. Sayansi hutafuta kueleza jinsi vitu vilivyo na jinsi vinavyofanya kazi: kwa nini chuma hushika kutu, kwa nini homa hupanda, kwa nini mwezi hauanguki. Uhandisi huchukua maelezo hayo, ukaongeza hisabati, ukabuni kitu chini ya masharti: daraja libebe uzito huu, lidumu miaka hii, kwa fedha hizi na si zaidi. Kati ya mtafiti na mhandisi kuna msururu mrefu wa kazi ambazo hazitajwi sana darasani: fundi sanifu wa maabara, mpima ardhi, mchambuzi wa data, mkaguzi wa ubora wa maji, mtunza mitambo ya hospitali. Mwanafunzi anayesema "sitaki sayansi" mara nyingi anazikataa picha mbili tu anazozijua, daktari na mtu wa koti jeupe aliyeshika chupa ya kioo.

Kuna maneno mengine matatu ya kutenganisha, na haya ndiyo yanayobeba makala nzima. La kwanza ni kuvutiwa: somo linapendeza leo. La pili ni kujiamini: nikikaa nalo, naliweza. La tatu ni kujiona: watu kama mimi hufanya kazi hii, nami naweza kuwa mmoja wao. Mwanafunzi anaweza kuwa na la kwanza bila la pili. Anaweza hata kuwa na yote mawili akakosa la tatu. Maonyesho ya sayansi na video za milipuko ya rangi hugusa la kwanza tu, na ndiyo maana matunda yake ni machache kuliko makofi yake.

Wengi wanafurahia, wachache wanajiona

Ushahidi mzuri zaidi wa pengo hili unatoka kwenye utafiti wa ASPIRES, ulioanza mwaka 2009 katika chuo cha King's College London chini ya Louise Archer na baadaye kuhamia UCL, chuo kingine cha London. Watafiti waliwafuatilia watoto wa Uingereza tangu wakiwa na umri wa miaka 10. Wengi wao walisema wanajifunza mambo ya kuvutia katika masomo ya sayansi. Wengi walisema wazazi wao wanaona sayansi ni muhimu. Walipoulizwa nani angependa kuwa mwanasayansi, waliokubali walikuwa takriban asilimia 15, na kiwango hicho hakikubadilika sana kati ya miaka 10 na 14.

Watafiti hao waliita kinacholeta tofauti "mtaji wa sayansi". Ni jumla ya vitu vinne: unachokijua kuhusu sayansi, unavyoifikiria, unachokifanya nayo nje ya darasa, na watu unaowajua walio ndani yake. Mtoto ambaye shangazi yake ni fundi sanifu wa maabara husikia mezani kwamba leo mashine imekataa kusoma sampuli, na kwamba tatizo lilikuwa uchafu kwenye lenzi. Hapo hakuna aliyemfundisha kitu rasmi, ila amejua kwamba kazi ile inafanywa na mtu wa kawaida, ina siku mbaya, ina mshahara, na ina mlango wa kuingilia. Mtoto asiye na mtu kama huyo analazimika kuyakisia yote hayo.

Kukisia huko kuna uzito. Mwaka 2006 Robert Tai na wenzake walichapisha uchambuzi wa wanafunzi wa Marekani waliofuatiliwa tangu 1988, wakiwa darasa la nane, hadi mwaka 2000. Miongoni mwa waliohitimu chuo kikuu, wale waliosema mapema kwamba wakifika miaka 30 watakuwa katika kazi ya sayansi walikuwa na uwezekano mara 3.4 wa kupata shahada ya sayansi za maumbile kama fizikia, au ya uhandisi, kuliko wenzao. La kushangaza zaidi ni hili: mwanafunzi wa wastani katika hisabati aliyetarajia kazi ya sayansi alikuwa na uwezekano wa asilimia 34 wa kupata shahada hiyo, ilhali mwanafunzi hodari wa hisabati asiye na tarajio hilo alikuwa na asilimia 19. Takwimu za aina hii hazithibitishi kwamba tarajio peke yake ndilo lililofanya kazi, maana huenda waliotarajia walikuwa pia na familia zinazowasaidia. Lakini zinatosha kuvunja imani kwamba alama za mtihani ndizo zinazoamua kila kitu.

Kujiona huanza mapema na huweza kupimwa kwa penseli. Kati ya 1966 na 1977 David Wade Chambers aliwaomba watoto 4,807 wachore mwanasayansi. Waliochora mwanamke walikuwa 28, na wote 28 walikuwa wasichana. Mwaka 2018 David Miller na wenzake walikusanya tafiti 78 za namna hiyo zilizofanywa Marekani kwa miongo mitano, na wakakuta kwamba katika zile za miaka ya karibuni wastani wa michoro ya wanawake umefika asilimia 28. Picha imebadilika, basi, na imebadilika kadiri wanawake walivyoongezeka katika maabara zenyewe na katika vitabu vya watoto. Hata hivyo, watoto wakubwa bado huchora wanaume zaidi kuliko wadogo. Kadiri wanavyokua ndivyo wanavyojifunza nani "hufaa" wapi.

Imani ya kipaji cha kuzaliwa

Hakuna kauli inayofukuza wanafunzi kwa upole kama hii: "Fizikia ni ya wenye akili." Husemwa kama sifa kwa fizikia, na hufika sikioni kama hukumu. Lin Bian, Sarah-Jane Leslie na Andrei Cimpian walionyesha mwaka 2017 kwamba watoto wa miaka 5, wavulana kwa wasichana, huhusisha akili nyingi sana na jinsia yao wenyewe kwa kiwango kinachofanana. Kufikia miaka 6, wasichana huanza kupungua katika kufanya hivyo, na huanza kuikwepa michezo inayoelezwa kuwa ni ya "watoto wenye akili sana". Miaka sita! Mtoto huyo hajakutana hata na sehemu za namba, na tayari ameanza kujitoa.

Imani hii huharibu pia wale wanaosifiwa. Mwanafunzi aliyeambiwa tangu utotoni kwamba ana kipaji cha hisabati hukutana na tatizo la kwanza asiloliweza, labda akiwa na miaka 16, na kwa kuwa amefundishwa kwamba wenye kipaji hawahangaiki, huhitimisha kwamba kipaji kimekwisha. Kuhangaika kwa saa mbili juu ya swali moja ni hali ya kawaida ya kazi hii. Hakuna aliyemwambia.

Dawa yake ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Xiaodong Lin-Siegler na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, waliwapa wanafunzi 402 wa sekondari mjini New York masimulizi kuhusu Albert Einstein, Marie Curie na Michael Faraday. Baadhi walisoma kuhusu mafanikio yao tu. Wengine walisoma jinsi walivyoshindwa, walivyorudia majaribio, au walivyoishi kwa dhiki. Waliosoma habari za mahangaiko walipandisha alama zao za sayansi baadaye, hasa waliokuwa wakifanya vibaya. Waliosoma mafanikio matupu hawakupata faida hiyo. Kwa hiyo mwalimu anayetaka kumtaja Faraday darasani asiishie kwenye sumaku na umeme. Aseme pia kwamba alitoka familia maskini, akawa mwanagenzi wa mjalidi wa vitabu akiwa na miaka 14, na kwamba hisabati ilimpiga chenga maisha yake yote.

Hisabati: kasoro hukaa nyuma ya pale inapoonekana

Hapa ndipo wengi hupotea, na hapa ndipo ushauri wa jumla wa "ongeza bidii" huwa hauna maana. Hisabati hufungwa kama vifungo vya shati: cha kwanza kikiingia tundu lisilo lake, vinavyofuata vyote vitafungwa kwa ustadi na bado shati litakaa upande. Mwanafunzi huona kasoro ilipojitokeza, huko chini, na kudhani amekosea pale.

Kifungo cha kwanza, mara nyingi mno, ni sehemu, yaani namba kama 1/2 na 3/8. Robert Siegler na wenzake walichambua data za Uingereza na Marekani mwaka 2012 na kuona kwamba uelewa wa sehemu na ugawanyaji katika shule ya msingi hutabiri ufaulu wa hisabati wa sekondari miaka mitano au sita baadaye, hata baada ya kuzingatia akili ya jumla na kipato cha familia.

Tazama inavyotokea. Rezista mbili, yaani vifaa vinavyokinza mkondo wa umeme, ya omu 2 na ya omu 3 (omu ni kipimo cha ukinzani), zimeunganishwa sambamba. Kanuni inasema 1/R, ambapo R ni ukinzani wa zote mbili kwa pamoja, ni sawa na 1/2 jumlisha 1/3. Mwanafunzi aliyezoea kujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini huandika 2/5, kisha hugeuza na kupata omu 2.5. Jibu sahihi ni 5/6, na ikigeuzwa ni omu 1.2. Jibu lake la 2.5 haliwezekani kabisa, kwa sababu rezista zilizo sambamba lazima zitoe ukinzani mdogo kuliko ule wa rezista ndogo kuliko zote. Anawekewa alama ya kosa, hapewi maelezo, na anaondoka akisema "umeme siuelewi". Umeme anauelewa. Hajui kujumlisha sehemu, na hakuna atakayemwuliza kuhusu sehemu akiwa amefika sekondari.

Mwalimu au mzazi anaweza kulibaini hili kwa robo saa bila kikokotoo. Mpe maswali sita. Moja: 1/2 + 1/3. Pili: 6 gawanya kwa 1/2. Tatu: 0.3 mara 0.2. Nne: ipi kubwa, 3/8 au 0.4? Tano: hasi 3 toa hasi 5. Sita: kama V = IR, andika I ni sawa na nini. Majibu sahihi ni 5/6, 12, 0.06, 0.4, 2, na V/R. Cha kuangalia zaidi ni majibu ya makosa, maana yana lugha yake. Akiandika 3 kwenye swali la pili, anadhani kugawanya sikuzote hupunguza. Akiandika 0.6 kwenye la tatu, hana picha ya ukubwa wa desimali. Akiandika hasi 8 kwenye la tano, alama ya hasi kwake ni pambo. Akishindwa la sita peke yake, tatizo ni aljebra na si hesabu.

Ukishajua kifungo kipi, rudi hapo bila haya. Dakika 20 kila siku hufanya kazi kuliko saa tatu za Jumamosi. Anzia kwenye mstari wa namba, aweke 3/8, 0.4 na 1/2 mahali pake, ndipo aende kwenye kanuni. Changanya maswali ya aina mbalimbali, maana maswali ishirini ya aina moja humfundisha kurudia mkono bila kuchagua njia. Kosa linaloharibu yote ni kumpa masomo ya ziada ya mada ya sasa, yaani kukaza vifungo vya chini.

Jaribio lisilo na swali

Shule zisizo na maabara hujilaumu kwa kukosa vifaa. Ni kweli vifaa husaidia, na kemia bila vifaa ni taabu. Lakini nimeona maabara nyingi zilizojaa ambamo wanafunzi hufuata hatua tisa za karatasi hadi jibu ambalo kila mtu alikwisha kulijua. Hilo ni zoezi la utii. Kinachomfanya mtu ajisikie mwanasayansi ni kutabiri, kukosea, na kutafuta sababu.

Chukua pendulamu: uzi wa mita moja na kokoto. Gharama yake haifiki popote. Pima urefu kuanzia pale uzi uliposhikwa hadi katikati ya kokoto. Livute kidogo tu pembeni, liachie, pima muda wa mizunguko 10 (mzunguko mmoja ni kwenda na kurudi), ugawe kwa 10. Utapata takriban sekunde 2 kwa mzunguko, yaani sekunde 20 kwa yote. Sasa, kabla ya kugusa chochote, kila mwanafunzi aandike utabiri: kokoto zito maradufu litabadilisha nini? Uzi ukipunguzwa hadi nusu mita, mizunguko 10 itachukua muda gani?

Wengi huandika kwamba zito litakwenda haraka, na kwamba nusu ya uzi itatoa sekunde 10. Uzito haubadilishi kitu. Nusu ya uzi hutoa kama sekunde 14. Ili kupata sekunde 10 ni lazima ufike robo, sentimita 25. Pale darasa linaponyamaza na kupima tena, sayansi imeanza.

Kasoro za jaribio hili nazo ni somo. Kundi likipata sekunde 18 badala ya 20, karibu sikuzote walisema "moja" wakati wa kuachia badala ya "sifuri", kwa hiyo walihesabu mizunguko 9. Wakipata muda mrefu kidogo kuliko wenzao, huenda walilivuta mbali mno. Na kundi linalobadilisha kokoto bila kupima uzi upya litaapa kwamba uzito una athari, kumbe kokoto kubwa limeshusha kitovu chake na kurefusha uzi. Mwalimu asiwaambie kosa. Awaulize ni kitu gani kingine kimebadilika.

Jambo moja la kuchunga: katika makundi mchanganyiko, mara nyingi wavulana hushika vifaa na wasichana huandika. Badilisha majukumu kila baada ya dakika 15 kwa kufuata saa, bila kujadiliana.

Wasichana: ushauri unaoonekana wa haki

Husemwa kwamba wasichana hawataki sayansi. Katika vipimo vya PISA vya mwaka 2015, yaani mtihani wa kimataifa wa wanafunzi, wavulana wapatao asilimia 25 na wasichana asilimia 24 wa nchi za OECD, jumuiya ya nchi nyingi zilizoendelea kiuchumi, wote wa umri wa miaka 15, walitarajia kazi inayohusiana na sayansi wakifika miaka 30. Ni karibu sawa. Tofauti ilikuwa mahali walikoelekea: wasichana zaidi kwenye afya, wavulana zaidi kwenye uhandisi na kompyuta. Swali sahihi, basi, ni kwa nini uhandisi unawakosa.

Sehemu kubwa ya jibu imejificha ndani ya ushauri unaotolewa kwa nia njema. Tuseme msichana ana 80 ya hisabati na 90 ya lugha. Mvulana ana 80 ya hisabati na 65 ya lugha. Hisabati yao ni ileile. Mshauri anawaambia wote wawili, "Chagua unachofanya vizuri zaidi." Msichana anakwenda kwenye lugha, mvulana anakwenda kwenye uhandisi, na hakuna aliyebaguliwa kwa jicho la kawaida. Thomas Breda na Clotilde Napp walionyesha mwaka 2019, kwa kutumia data za PISA, kwamba mlinganisho huu wa masomo ndani ya mwanafunzi mmoja unaeleza sehemu kubwa ya tofauti ya kijinsia katika nia ya kusoma masomo yenye hisabati nyingi. Mshauri abadilishe swali: masomo gani unayamudu kiasi cha kutosha, na ni kazi gani ungependa kuamkia? Msichana wa 80 na 90 ana uwezo wa uhandisi, na kuandika ripoti vizuri kutamfikisha mbali humo.

Mlango unaofungwa bila kelele

Mwanafunzi wa miaka 15 au 16 anaacha fizikia kwa sababu mwalimu ni mkali au ratiba imegongana na somo analolipenda. Hakuna aliyemwambia kwamba siku hiyo ameacha karibu shahada zote za uhandisi. Biolojia na kemia bila hisabati humwachia milango kadhaa ya afya, lakini humfungia mingi ya teknolojia. Uamuzi mkubwa kuliko wote hufanywa kama jambo la ratiba.

Zoezi la kuzuia hili huchukua jioni moja. Kabla ya kuchagua mchepuo, mwanafunzi atafute masharti ya kujiunga na programu tatu zinazomvutia, katika vyuo viwili tofauti kwa kila programu. Aandike masomo ya lazima na alama za chini. Somo linalojirudia katika karatasi zote, hilo haliachwi, hata kama mwalimu wake hapendezi. Karibu kila mara litakuwa hisabati, na fizikia itaifuata.

Wazazi wana nafasi hapa kuliko wanavyoamini. Judith Harackiewicz na wenzake waliwatumia wazazi wa wanafunzi wa sekondari vijitabu viwili na tovuti moja, vyote vikieleza sayansi na hisabati hutumika wapi maishani na namna ya kulizungumza hilo na mtoto. Katika utafiti huo wa 2012, watoto wa wazazi hao walisoma karibu muhula mmoja zaidi wa masomo ya sayansi na hisabati katika miaka miwili ya mwisho. Vijitabu viwili! Upande wa pili upo pia. Erin Maloney na wenzake waliona mwaka 2015 kwamba wazazi wenye hofu ya hisabati waliosaidia kazi za nyumbani mara kwa mara, watoto wao walijifunza hisabati kidogo zaidi katika mwaka huo na hofu yao ikaongezeka. Mzazi wa aina hiyo si lazima ajitenge. Ila kauli ya "hata mimi hesabu zilinishinda" abaki nayo moyoni, na badala ya kufundisha amwombe mtoto amweleze yeye alivyofanya.

Mgeni wa siku moja

Kumleta mhandisi darasani kunaweza kusaidia, endapo ziara itapangwa. Inayoharibika hufanana: mgeni mkubwa mno, mwenye vyeo, anazungumza dakika 50 kuhusu umuhimu wa bidii. Wanafunzi hupiga makofi na kumwona mtu wa sayari nyingine. Mchague aliyewatangulia kwa miaka mitano hadi kumi, aliyetoka mazingira kama yao. Mpe dakika 15 aeleze siku moja ya kazi tangu asubuhi: alifungua nini, alipima nini, nini kilimkwamisha. Dakika 10 aeleze njia aliyopita, pamoja na somo alilofeli na nani alilipa ada. Dakika 20 wanafunzi watatue tatizo halisi la kazini kwake, kwa makundi. Zinazobaki ni za maswali, ambayo yaandikwe kwenye vikaratasi bila majina, kwa sababu swali la mshahara na swali la "je, wanawake husumbuliwa?" haliulizwi kwa mkono ulioinuliwa. Wiki inayofuata mwalimu arudie mada ile, la sivyo imepita.

Waliokwisha kuingia nao hutoka

Watu wakisikia mwanafunzi ameacha uhandisi mwaka wa kwanza, husema hakuwa na uwezo. Elaine Seymour na Nancy Hewitt waliwahoji wanafunzi wa vyuo saba vya Marekani na kuripoti mwaka 1997 kwamba waliotoka na waliobaki hawakutofautiana sana kwa uwezo, na walilalamikia mambo yale yale, ufundishaji mbovu ukiwa juu. Scott Freeman na wenzake walijumlisha tafiti 225 mwaka 2014: katika madarasa ya kusikiliza mhadhara tu wastani wa kufeli ulikuwa karibu asilimia 34, na katika madarasa ambamo wanafunzi hutatua na kujadili, karibu 22.

Mwanafunzi hawezi kubadilisha mhadhiri, lakini anaweza kubadilisha anavyosoma. Uri Treisman, akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya 1970, aligundua kwamba baadhi ya wanafunzi waliokuwa wakifeli kalkulasi walisoma sana, ila kila mmoja peke yake, wakati wenzao waliofaulu walijadili maswali pamoja usiku. Akawakusanya kwenye vikundi na kuwapa maswali magumu kuliko ya darasani, wala hakuwaita dhaifu. Wakafaulu. Kikundi cha watu wanne kinatosha. Kila mmoja ajaribu maswali peke yake kwanza kwa nusu saa, kisha wakutane, na anayeeleza ubaoni awe yule ambaye hana hakika.

Kuna sababu moja ya kukata tamaa ambayo haitibiwi na ufundishaji: kazi. Mwanafunzi anayeona wahandisi waliohitimu wakikaa miaka bila ajira anasoma hali vizuri, na kumhubiria mapenzi ya sayansi ni kumdharau. Anachostahili ni taarifa sahihi: katika nchi nyingi shahada ya uhandisi huchukua miaka 4 au 5 na kufuatiwa na mafunzo ya kazini kabla ya kusajiliwa, njia ya fundi sanifu ni fupi, huanza kulipa mapema, na mara nyingi huruhusu kuendelea na shahada baadaye, tena ujuzi wa kupima, kuchambua data na kuandika programu husafiri kutoka sekta moja kwenda nyingine.

Na aliyekwisha kuacha fizikia akiwa na miaka 16, sasa ana 20 na anaitaka tena, aanze kwa maswali yale sita. Akiyapita, arudie aljebra na trigonometria kwa mitihani ya miaka iliyopita, ndipo aguse mekanika, halafu umeme. Akiruka mpangilio huo na kuanza na umeme kwa sababu ndio unaomvutia, atakwama kwenye rezista zile zile mbili. Vyuo vingi vina programu ya maandalizi au stashahada inayopokea watu kama yeye, na swali la kwanza kuuliza ofisi ya udahili ni kama wanakubali somo lililofanywa upya kama mtahiniwa binafsi.